Jembe Lako Lililala Wapi Jana?

Ndugu mkulima, kabla ya kusoma zaidi nakuomba uinuke, uende ukatazame jembe lako mahali lilipo. Usimtume mtoto, nenda wewe mwenyewe. Pitisha kidole juu ya uso wake. Kama kidole kimerudi na unga mwekundu, maneno haya ni yako. Kama kimerudi safi na kina mafuta kidogo, mpe jirani gazeti hili, maana wewe huna haja nalo mwezi huu.

Mimi ni karani katika ofisi ya kilimo. Nilisomea ualimu, na kwa sababu hiyo watu wengi wa Borabu bado huniita Mwalimu, ingawa siku hizi kazi yangu ni kuandika madaftari. Daftari moja ni la vyombo vya kazi. Kila mwisho wa mwaka tunavihesabu, na kila chombo kilichoharibika sharti kiandikwe sababu yake: kimevunjika, kimepotea, kimeibwa, au kimeliwa na kutu. Nilipoianza kazi hii nilidhani wezi ndio watakaonichosha mkono. Sivyo. Neno ninaloliandika kuliko yote ni kutu. Nalo ni neno la kuaibisha, kwa kuwa mwizi huja usiku nawe huna habari, lakini kutu huja mchana, polepole, mbele ya macho yetu sote, wala hakuna anayepiga kelele.

Nimetembea mashamba mengi, Nyansiongo, Esise na Mekenene, na upande wa Kisii mpaka Tabaka, na kila mahali nasikia lawama moja: majembe ya siku hizi hayafai, chuma chake ni chepesi, wenye viwanda wanatudanganya. Sikatai kwamba viko vyombo hafifu madukani. Anayenunua panga bila kuligonga kwanza na kusikiliza mlio wake, ana lake. Lakini hata jembe lililo bora kuliko yote, likitoka shambani na udongo mbichi likatupwa nyuma ya nyumba, halimalizi miaka yake. Naona tunamlaumu mwenye duka asubuhi kwa kosa tulilolifanya sisi jioni.

Kuna mzee mmoja huko Esise aliyenionyesha jembe lake. Limebaki nusu ya ukubwa wake, kama ulimi wa ndama. Nikasema, "Mzee, kutu imekula sana." Akacheka. Akasema, "Mwalimu, hiyo si kutu, hiyo ni tupa na mawe. Mimi nimelila mwenyewe kwa kazi." Nikaligeuza, nikaona kweli. Uso wake ulikuwa mweusi na laini, hauna kidonda hata kimoja. Jembe hilo lilikuwa limezaa mahindi na viazi kwa kila kipande kilichopungua. La kwangu wakati ule lilikuwa zima kwa ukubwa lakini limejaa mashimo kama mkate.

Sasa tuulize, kutu ni nini? Watu wengine hudhani ni uchafu unaotoka nje na kukishika chuma. Wakulima wa kahawa wa Kisii, ambao wazazi wao walikuwa miongoni mwa Waafrika wa kwanza wa Kenya kuruhusiwa kulima zao hilo katika miaka ya 1930, wanaijua pia kutu ya majani ya kahawa, na wako wanaofikiri ni kitu kimoja. Si kimoja. Ile ya kahawa ni ukungu wenye uhai, nao huambukiza. Hii ya chuma haina uhai. Ni chuma chenyewe kikigeuka. Chuma hutoka ardhini kikiwa udongo na mawe mekundu; wahunzi wa Samia, ambao majembe yao yaliuzwa nchi nyingi za Nyanza kabla ya majembe ya dukani, walijua kukitoa humo kwa moto mkali na mivukuto. Basi chuma kikipata maji na hewa pamoja, kinarudi kilikotoka. Kikikosa kimoja kati ya viwili hivyo, hakiwezi.

Nilipokuwa nafundisha, nilikuwa nikiwaonyesha watoto jambo hili kwa misumari na chupa tatu, nawe waweza kulifanya nyumbani na watoto wako. Katika chupa ya kwanza tia msumari na maji ya kawaida kiasi cha kuufunika nusu. Katika ya pili tia msumari, mimina maji yaliyochemshwa sana mpaka hewa imetoka, ujaze karibu mpaka mdomoni, kisha juu yake weka mafuta ya kupikia ili hewa isirudi. Katika ya tatu tia msumari mkavu na chokaa kavu isiyozimwa, ukazibe sana. Wala usiruhusu mtoto kuishika chokaa hiyo. Baada ya juma moja msumari wa kwanza ni mwekundu. Wa pili uko ndani ya maji na bado unang'aa. Wa tatu una hewa tele na bado unang'aa. Mtoto aliyeona chupa hizo haulizi tena kwa nini tunapaka jembe mafuta.

Lakini ndugu mkulima utaniambia, "Mimi vyombo vyangu viko ndani ya stoo, mvua haiwafikii, mbona vinashika kutu?" Swali hili nimeulizwa mara nyingi kuliko yote, na hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa kuwa nchi yetu ina tabia yake.

Sisi wa Kisii na Nyamira hatuna miezi mikavu kama watu wa Ukambani. Mvua yetu kwa mwaka ni zaidi ya milimita 1,500, na hata katika Januari na Julai manyunyu hayakosekani. Tena tuko juu. Mji wa Kisii uko karibu mita 1,700 juu ya bahari, na huku Borabu tunakaribia mita 2,000. Usiku ni baridi. Wakati wa usiku chuma kilichomo stooni hupoa sana. Asubuhi jua linapotoka, hewa ya nje hupata joto upesi na kunyonya unyevu wa umande na majani. Hewa hiyo huingia stooni kwa mlango na nyufa, ikakuta chuma bado kina baridi ya usiku. Umewahi kununua soda iliyotoka katika friji pale Keroka ukaona chupa ikitoa jasho? Chupa haivuji. Ni mvuke wa hewa uliogeuka maji kwa kugusa kitu baridi. Panga lako hutoa jasho hilohilo asubuhi, bila wewe kuliona, kwa sababu ni jembamba mno nalo hukauka kabla ya saa nne. Lakini limekwisha fanya kazi yake. Wala si lazima jasho lionekane: hewa ikishika zaidi ya sehemu 60 kwa 100 za mvuke unaoweza kubebwa nayo, chuma kisicho na kitu juu yake huanza kugeuka, na kwetu asubuhi nyingi hewa hupita kiasi hicho sana.

Mabati ya stoo huongeza taabu. Yanapoa usiku kuliko kitu chochote, mvuke unashika upande wa ndani, na alfajiri unadondoka. Mtu huona matone juu ya vyombo akadhani bati limetoboka, akapanda juu na lami kutafuta tundu lisilokuwepo. Na sakafu ya udongo hunyonya maji toka chini muda wote wa mvua. Jembe lililosimamishwa kwa kichwa pembeni mwa ukuta linakunywa kwa pande mbili, kama mtu aliyelala juu ya blanketi bichi na kufunikwa bichi.

Mimi nilijifunza jambo hili kwa hasara. Baba yangu aliniachia patasi tatu, randa na msumeno. Mwaka 2016, kabla mifuko ya plastiki haijapigwa marufuku, niliitwa mafunzo mbali na nyumbani. Nikaona nitende kwa akili: nikavifunga vyombo hivyo ndani ya mifuko miwili ya plastiki, nikakaza kwa kamba, nikatia katika sanduku. Ilikuwa Aprili, siku ya mvua, na hewa niliyoifunga humo ilikuwa ya mvua. Niliporudi Agosti nilifungua kifurushi kwa moyo mweupe. Randa ilikuwa kama imepakwa udongo wa tofali. Plastiki ile ilizuia maji yasiingie, lakini ilizuia pia yaliyomo yasitoke. Mama yangu alitazama tu. Akasema, "Baba yako alikuwa anavifunga kwa kitambaa chenye mafuta." Hakusema neno lingine, wala hakuhitaji. Patasi mbili niliziokoa. Meno ya msumeno yalikuwa yameliwa, sikuweza.

Basi nasema, msikimbilie kufunga. Stoo nzuri kwa vyombo si ile iliyozibwa kila mahali. Ni ile yenye paa lisilovuja, iliyoachiwa matundu juu chini ya paa pande mbili hewa ipite, na ambayo vyombo havigusi sakafu wala ukuta wa udongo. Pigilia ubao ukutani, pigilia misumari, tundika. Kama una mbao chache za mkaratusi, weka dari nyepesi juu ya pembe hiyo moja ili matone ya mabati yaangukie mbao na si vyombo. Wazee wetu walitundika vitu juu ya jiko, katika moshi na joto, nao hawakuwa wajinga. Kitu kilichokaa penye joto kidogo la kila siku hakipoi kupita hewa, kwa hiyo hakitoi jasho. Kasoro yake ni kwamba mpini hukauka sana na kulegea.

Wako wanaosema, kama ni hivyo tuwashe moto stooni. Hapana! Jambo hili nalikataza kabisa. Jiko la makaa katika nyumba iliyofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, nayo huua mtu aliyekaa humo akinoa panga. Na jiko au taa ya mafuta ya taa, pamoja na hatari ya moto, hutoa mvuke wa maji inapowaka, na mvuke huo utakwenda kutua juu ya chuma kile kile ulichotaka kukikausha. Stoo yetu haihitaji moto. Inahitaji hewa na kitambaa.

Kitambaa hicho ndicho kazi yenyewe. Ukirudi shambani, kwangua udongo kwa kijiti au kipande cha bati ungali mbichi, maana ukikauka utakuwa kama saruji na utaficha unyevu chini yake siku tatu. Ukiosha kwa maji, futa kabisa, kisha acha chombo juani kidogo kipate joto. Halafu pitisha kitambaa chenye mafuta. Kiasi kidogo tu. Chuma king'ae, kisidondoke. Mimi nimejipima kwa saa: jembe, panga na uma jembe, vyote vitatu, dakika nne.

Mafuta gani? Watu wengi hutumia mafuta ya injini yaliyokwisha tumika, kwa kuwa hupatikana bure gereji. Yanazuia kutu, sikatai, lakini bure hiyo ina deni. Yamechanganyika na masizi na taka za injini zinazodhuru ngozi ya mtu ayashikaye miaka na miaka, na wataalamu wa afya huzihesabu baadhi ya taka hizo miongoni mwa visababishi vya saratani. Yakimwagika hufika kijitoni tunakochota maji. Usiyapake kabisa kwenye kisu cha jikoni, wala chombo cha kukatia majani ya ng'ombe, wala kisu cha kupogolea chai. Afadhali ununue chupa ndogo ya mafuta mapya ya injini na kuitumia mwaka mzima. Kitambaa kimoja hakinywi mengi. Asiye na hayo achukue mafuta ya ng'ombe yasiyo na chumvi, ayayeyushe pamoja na nta kidogo ya nyuki, yakipoa ni dawa nzuri sana ya jembe linalosubiri msimu. Siagi ya chumvi usiguse. Kwa msumeno na randa, sugua mshumaa: hushika chuma, hauchafui mbao, na msumeno hupita kwa wepesi. Mafuta ya kupikia hufaa kwa visu, ila yakikaa miezi hugeuka gundi.

Nataka sasa niseme juu ya desturi moja ambayo najua itawaudhi baadhi ya wasomaji. Mpini ukilegea, sisi huchukua jembe na kulitumbukiza kichwa ndani ya ndoo ya maji usiku kucha. Asubuhi mti umevimba, jembe limekaza, tunaenda kazini kwa furaha. Jamani, hiyo ni kukopa kwa riba kubwa. Mti uliovimba ndani ya tundu la chuma hujibana, nyuzi zake zikavunjika. Ukikauka unakuwa mdogo kuliko jana, na kesho kutwa unautumbukiza tena. Wakati huo huo ndani ya tundu, mahali ambapo kitambaa hakifiki, maji yamekaa kati ya mti na chuma. Nimeona majembe yaliyopasuka tundu wakati uso bado mzima, na wenyewe wakalaani kiwanda. Tengeneza kabari ya mti mgumu uliokauka, ipigilie. Kama mpini umekwisha, toa, chonga mwingine kwa mti mkavu, paka ndani ya tundu mafuta mazito kabla ya kuuingiza.

Kutu pia ina marafiki, na wengi wao tumewakaribisha wenyewe katika stoo. Wa kwanza ni mbolea ya dukani. DAP na CAN hunyonya unyevu wa hewa, na vumbi lake likitua juu ya chuma hufanya maji makali yasiyokauka. Wa pili ni chumvi ya ng'ombe, nasi wafugaji wa Borabu tunayo kila nyumba. Nimekuta tofali la chumvi limewekwa juu ya plau kana kwamba plau ni meza. Wa tatu ni kuku. Mkulima mmoja alinionyesha stoo safi, mbao nzuri, vyombo vimetundikwa kwa mpango kama katika shule, na jioni kuku kumi na wawili hupanda kulala juu ya mipini hiyo hiyo! Kinyesi cha kuku ni kibichi na kikali, hula chuma upesi. Betri ya gari nayo isikae humo, kwa sababu ya tindikali yake.

Wapulizaji wa dawa ya shaba kwenye kahawa wakumbuke kuosha pampu mara tatu kwa maji safi, na sehemu zake za chuma zikaushwe. Shaba iliyoyeyuka ikigusa chuma hujishikiza juu yake, na mahali hapo kutu huchimba kwa ukali zaidi kuliko maji matupu.

Na hapa kuna jambo linalotatanisha. Tangu ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoonekana Uganda mwaka 2001 na kufika magharibi ya Kenya mwaka 2006, mabwana shamba wanatufundisha kusafisha panga kwa jiki kila tutokapo kwenye mgomba mmoja kwenda mwingine. Ni mafundisho ya kweli, na anayeyaacha atapoteza shamba la ndizi kwa kuhurumia panga. Lakini jiki hula chuma vikali sana. Panga lililosafishwa kwa jiki likawekwa hivyo hivyo litakuwa jekundu kabla ya chakula cha jioni. Kwa hiyo ukimaliza kazi ya siku, lisuuze kwa maji mengi, lifute, lipake mafuta. Njia nyingine ni kulipitisha motoni mpaka lisishikike kwa mkono. Lakini usilifanye jekundu, maana ukali wake utalainika na halitanoleka vizuri tena. Utomvu wa ndizi wenyewe pia ufutwe. Ule weusi mgumu unaobaki kwenye panga la ndizi haudhuru kitu, unyevu uliojificha chini ya utomvu ndio udhurao. Na ala ya ngozi, ambayo vijana wengi wanaipenda, ni ya kubebea njiani tu. Panga lisilale ndani yake.

Chombo kilichokwisha shika kutu usikitupe mbio. Kama ni unga wa juu, sugua kwa kipande cha tofali na mafuta ya taa kidogo, mbali na moto, au kwa waya wa kusugulia sufuria. Kama kutu imeshika sana, kizamishe katika siki au maji ya ndimu usiku mmoja, kisugue, kisha kioshe kwa maji yenye magadi kidogo ili kuua uchachu, na ukaushe na kupaka mafuta saa ile ile. Ukikiacha mpaka kesho bila mafuta, kutu mpya itakuwa imefika kabla yako.

Mama mmoja aliniuliza kama ni kweli msumari wenye kutu huleta pepopunda. Kutu yenyewe haileti. Vijidudu vya pepopunda vinakaa katika udongo na kinyesi cha wanyama, na chuma chenye mashimo huvibeba na kuviingiza ndani ya mwili. Msumari mpya uliolala zizini ni hatari vile vile. Mtu akichomwa, aoshe jeraha kwa maji na sabuni na aende zahanati achomwe sindano.

Nimesema juu ya jembe na panga, lakini hasara kubwa kuliko zote naiona kwenye plau. Uso wa plau unaogeuza udongo sharti uwe laini kama kioo. Ukiwa na kutu, udongo wetu mzito haupiti. Unanata, plau inaruka au inazama, na ng'ombe wanavuta mara mbili kwa kazi moja. Mwenye plau huwapiga ng'ombe. Laiti ng'ombe wangejua kusema, wangeuliza plau ililala wapi toka Septemba. Baada ya kulima, uso huo upakwe grisi nzito, na plau isimame juu ya mawe au mbao chini ya paa.

Na plau ya shirika ndiyo inayoteseka zaidi. Wazee wetu waliopewa mashamba haya baada ya serikali kuyanunua kwa walowezi, katika mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, hawakupewa bure. Walichukua deni la ardhi, na wengi walilipa kwa miaka mingi kutoka katika maziwa na majani chai. Wakati ule watu walikuwa wakiungana kununua chombo kimoja kwa sababu hakuna aliyeweza peke yake. Hata leo viko vikundi vinavyonunua mashine ya kukatia majani ya ng'ombe, au plau, au pampu, kwa fedha za watu wengi. Nimeona mashine ya namna hiyo, sitaji mahali, imesimama nje chini ya mwembe misimu miwili, visu vyake vimeshikana kabisa na gurudumu haligeuki. Niliuliza nani aliitumia mwisho. Watu kumi na mmoja walinitajia majina kumi na moja. Maoni yangu ni kwamba kikundi kisichoweza kumchagua mtu mmoja wa kuipaka mashine mafuta, na kumlipa hata kama ni kwa lita moja ya maziwa kila juma, kisinunue mashine.

Jambo langu la mwisho ni la nyumbani, na hapa wanaume wenzangu wanisamehe. Nani hutumia jembe kuliko wote katika boma? Ni mama. Nani ana ufunguo wa stoo? Mara nyingi ni baba, naye yuko sokoni Keroka au Nyansiongo. Mama anarudi shambani saa kumi na moja jioni, mvua inanyesha, ana mtoto mgongoni na kuni kichwani, na stoo imefungwa. Aliweke wapi jembe? Analiegemeza nje ukutani, chini ya matone ya mabati. Asubuhi baba anaona kutu na kusema wanawake hawatunzi vyombo. Nimelisikia neno hilo katika mikutano mingi na sikuwahi kusikia mtu akilijibu, basi mimi nalijibu hapa. Huwezi kumfungia mtu mlango na kumlaumu kwa kunyeshewa.

Bwana mmoja nilipomwambia hivyo aliniuliza, "Mwalimu, na wezi je?" Ni kweli, wezi wapo. Lakini kufuli halizuiwi kuwa na ufunguo wa pili, na fundi wa Keroka huuchonga wakati unasubiri. Tena mweke mama mahali pa kupaka mafuta karibu na mlango, si nyuma ya magunia: ubao wa misumari, kopo la mafuta lenye kifuniko, kitambaa ndani yake. Watoto waliorudi shule wanaweza kupewa kazi hiyo. Wangu wawili hubishana ni zamu ya nani, na mara nyingine hupaka na mpini, nami nawaacha.

Ufunguo wetu wa pili unaning'inia ndani ya jikoni, kwenye msumari wa kushoto ukiingia mlangoni.